Karai la Kumi

Ka. Kimya. Ka. Kimya. Ka.

Visoda, vifuniko vya chupa za soda, vilikuwa vinadondoka kimoja kimoja kwenye kopo la bati. Bado giza, jogoo wa jirani yetu Mama Mwanaima hajawika hata mara moja, na mimi nimelala chali nahesabu pamoja na ile sauti bila kutaka. Saba. Nane. Tisa. Kilichofuata hakikulia ka. Kiliangukia kwenye mkeka, pu, kama mtu amekosea shabaha. Kisha tena, ka.

"Hosiana."

Ka.

"Hosiana, unafanya nini na giza lote hili?"

"Nahesabu, mama."

"Unahesabu na huoni?"

"Naona kwa vidole."

Niliwasha tochi ya simu. Alikuwa amekaa kwenye pembe ya mkeka na gauni lake la kulalia, magoti kifuani, kopo katikati ya miguu. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri. Mtoto wa miaka minane.

"Lala, mwanangu. Bado Jumatatu."

"Ijumaa inakuja," akasema, akarudisha visoda vyote na kuanza upya.

Ijumaa ilikuwa inakuja kweli. Ndiyo siku ya upimaji wa kufunga mwaka wa darasa la pili, na mwalimu mkuu alishatutangazia wazazi kwenye kikao. Kusoma, kuandika, kuhesabu. Mtoto akianguka kwenye moja tu kati ya hayo matatu, Januari anabaki pale pale, wenzake wanaingia la tatu. Hosiana wangu alikuwa anaanguka kwenye moja.

Najua wapo watakaosema kukariri darasa siyo kifo. Ni kweli. Lakini mimi nilikaririshwa darasa la tatu mara mbili kijijini kwetu, upande wa Songwa. Mara ya kwanza nililia mpaka nikavimba uso. Mara ya pili sikulia, na hapo ndipo palipokuwa pabaya, kwa sababu nilikuwa nimeshakubali kwamba mimi ndivyo nilivyo. Nikahamia dawati la nyuma mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mwaka uliofuata sikuonekana tena shuleni. Nilichokuja kukijua baadaye nilikijulia kwenye darasa la jioni la kanisani hapa Kalangalala, miaka miwili, Hosiana amelala kwenye kanga chini ya benchi nililokalia. Kwa hiyo nikisikia mtoto anahesabu gizani, tumbo langu linajua anakimbia nini.

Asubuhi ile nilimpeleka mwenyewe. Mwalimu Melania alikuwa amesimama kwenye baraza la darasa, chaki sikioni kama fundi seremala, anagawa madaftari.

"Za asubuhi, mwalimu."

"Nzuri, Mama Hosiana. Bora umekuja, nilitaka kukuandikia."

"Ameharibu nini?"

"Hajaharibu kitu. Ananichanganya tu." Akavuta daftari kutoka kwenye rundo bila hata kutafuta, kama mtu aliyekwishaliangalia mara nyingi. "Ukimpa kitabu, huyu ni wa darasa la nne. Juzi kasoma hadithi nzima, kafika mwisho, ananiuliza mbona yule sungura hajaomba msamaha. Kuandika, safi. Ukimpa vihesabio, wa chekechea."

"Nyumbani anahesabu kila siku, mwalimu. Leo kaanza alfajiri."

"Sasa huko nyumbani mnahesabu nini?" Alicheka, lakini cheko la uchovu. "Mpaka tisa hana shida. Ikizidi hapo, anapotea. Namwambia tulia, anza upya. Anatulia, anaanza upya, anapata jibu lile lile. Mtoto anayebahatisha leo atakosa hivi, kesho vile. Huyu anakosa kwa uhakika."

"Huwezi kukaa naye kidogo?"

Aligeuka akatazama darasani, nami nikatazama. Watoto mia na kumi na mmoja, wanne wanne kwenye dawati, wengine sakafuni na mabegi ya viroba mapajani. Nikaona aibu kwa swali langu.

"Nipe hilo daftari mpaka kesho," nikamwambia.

Kazi yangu ni kuponda mawe. Mwaloni kwetu, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, nje kidogo ya mji, wanaume wanaleta mawe kutoka kwenye maduara yao, mashimo wanakochimba, na sisi wanawake tunakaa chini na nyundo, jiwe umelizungushia kipande cha tairi lisiruke, unaponda mpaka linakuwa kokoto. Kokoto zinakwenda kwenye karasha, mashine ya kuzisaga zikawa unga, na unga ndio wanaousafisha kutafuta hiyo dhahabu. Baba yake Hosiana, Sostenes, yuko kwenye duara la mbali zaidi na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tuko wawili.

Saa sita tulipopumzika nilifungua daftari. Bhoke alikuwa pembeni yangu anakula muhogo. Bhoke ni mtu wa Tarime, mdomo wake hauna pazia, lakini ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza nilipofika pale sijui hata nyundo inashikwaje.

"Sasa unasoma gazeti?"

"Daftari la mtoto."

"Limesema nini?"

"Limesema hajui."

Kurasa zilijaa mikasi myekundu ya mwalimu. Mwalimu Donatus wa darasa la jioni alituzoesha jambo moja ambalo sijaliacha: ukikuta jibu limekosewa, usilifute kwanza, liulize limetoka wapi. Basi nikaanza kuyauliza. Nane jumlisha sita, ameandika kumi na tatu. Tisa jumlisha tano, kumi na tatu. Saba jumlisha saba, kumi na tatu. Maembe ishirini na matatu yaliyochorwa, ameyahesabu ishirini na moja. Nyota thelathini na mbili, ameandika ishirini na tisa.

Nilirudia mara tatu. Penye kumi na kitu, imepungua moja. Penye ishirini na kitu, mbili. Penye thelathini na kitu, tatu. Chini ya kumi haikupungua hata punje. Kila anapovuka tisa, moja inapotelea njiani.

Nikaokota kokoto nikazipanga chini mistari miwili, saba huku, saba kule. Hakuna ubishi, kumi na nne. Kisha nikazivuruga, nikazihesabu haraka haraka kwa mkono, kama tunavyohesabu pale kila siku.

Kumi na tatu.

Nikatazama mkono wangu. Kokoto moja ilikuwa peke yake pembeni, upande wa kushoto. Sikumbuki kuiweka pale.

"Bhoke, nihesabie hizi."

"Umeanza kuumwa?"

"Nihesabie tu."

Akafuta mkono kwenye kanga. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, la karasha, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi na tatu."

"Ni kumi na nne."

"Kumi na nne ukiweka na la karasha, ndiyo. La karasha linahesabiwa tangu lini? Wewe mgeni hapa?"

Sikuwa mgeni. Nilikuwa na mwaka wa nane pale. Tunapopima kokoto kwenda kwenye mashine, tunapima kwa karai, na msimamizi anaandika. Kila ukifika kwenye tisa, karai linalofuata ni la mwenye karasha, malipo yake ya kusaga. Haliandikwi, halitajwi namba. Unalimwaga kwenye rundo lake upande wa kushoto, unasema "la karasha," kisha unaendelea: kumi. Ukifika kumi na tisa, vile vile. Ishirini na tisa, vile vile. Wapondaji wote tunahesabu hivyo, na kwa sauti, kama tunaimba, ili mkono usilale.

Na Hosiana alikulia mgongoni kwangu, kwenye ule wimbo. Kabla hajajua kusema "maji" alikuwa anajua kusema "tisa, la karasha, kumi." Tulikuwa tunamcheka, tunampa karanga arudie.

Kwenye karatasi mimi sikosei. Darasa la jioni lilinifunza kupanga makumi na mamoja, natoa, najumlisha. Mkononi, kumbe, nilikuwa nimebaki vile vile. Na mkono ndio niliomfundishia mwanangu.

Jioni nilimweka mbele yangu na visoda kumi na vinne.

"Hesabu, lakini polepole. Mama anatazama mkono tu."

Akahesabu. Baada ya tisa, kidole chake kilisukuma kisoda kimoja pembeni, mdomo ukiwa umefungwa, kikarudi kwenye kingine. "Kumi."

"Hicho je?"

Akakitazama. "Hicho ni la karasha."

"Mbona hukusema?"

"Chekechea nilisema, wakanicheka. Wakawa wananiita Karasha. Nikaacha kusema."

Basi ndiyo maana Mwalimu Melania hakuwahi kusikia. Mtoto alimeza neno, mkono ukabaki nalo.

"Sikiliza, Hosiana. Shuleni hakuna la karasha. Kila kisoda kina namba yake. Baada ya tisa, hicho hicho unachokigusa ndicho kumi."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"La karasha halina namba." Sauti yake ilikuwa ya kunielimisha, kama mimi ndiye mtoto. "Siyo letu. Ukilihesabu unapigwa."

"Nani kakwambia unapigwa?"

Akainamisha kichwa. Akaanza kukwaruza mkeka.

"Hosiana, nani alikupiga?"

"Wewe, mayu."

Hosiana huniita mayu, mama kwa Kisukuma, kama anavyosema bibi yake kule kijijini, pale tu anapokuwa ameumia. Nilitaka kusema muongo wewe. Halafu nikakumbuka. Ana miaka minne, amekalia rundo la kushoto, kokoto mpaka kiunoni, anarusha mikono anapiga kelele, "Kumi! Kumi! Hili kumi!" Makoye, msimamizi, akageuka. Alisema tu, "Mama, mtoto wako anahesabu mali ya nani?" Watu wakacheka. Nami nikamvuta mkono nikamchapa pale pale, mbele yao, niliogopa kuambiwa nisirudi kesho. Ilikuwa kofi moja. Mimi nililisahau kabla jua halijazama.

Nilimpakata ingawa miguu yake siku hizi inafika chini. Nikamwambia mama alikosea. Nikamwambia siku ile wewe ndiye uliyehesabu sawasawa, sisi watu wazima wote ndio tuliokosea. Akanitazama usoni. Mtoto ukimwomba radhi anakutazama kwanza aone kama ni mchezo.

Jumanne alihesabu vizuri. Jumatano alihesabu vizuri, visoda, vijiti, vijiko, hata matundu ya chujio. Ungesema yamekwisha. Lakini mimi nilikuwa sikai nikatulia. Naosha chombo kimoja mara mbili, nachungulia mlangoni, naanza kupika naacha. Kwa sababu kila akifika tisa alikuwa anasimama, anainua macho kunitazama. Nikitikisa kichwa kukubali, anasema kumi. Jumatano jioni nilijaribu kutazama pembeni makusudi. Akasimama kwenye tisa. Akangoja. Akaona simtazami, kidole kikasukuma kisoda pembeni.

Ijumaa nisingekuwepo kutikisa kichwa.

Usingizi ulinikataa kabisa, na alfajiri ya Alhamisi nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Alichojifunzia mwaloni hakitafutika kwenye mkeka wa nyumbani.

Mchana, wadogo walipotoka shuleni, nilimpitia Hosiana na sare zake nikaenda naye. Zamu yangu ya kupima ilifika kama saa tisa. Makoye alikuwa amesimama pale pale anaposimama, ubao mkononi, chaki, kofia yake ya sufu kichwani na jua lote lile. Mashine ilikuwa imezimwa wanabadilisha mkanda, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Moja," nikamwaga. "Mbili." Hosiana alikuwa kando ya Bhoke, begi kifuani. "Nane. Tisa."

"La karasha," akasema Makoye kwa mazoea, hata hakuinua macho.

Nikalibeba karai mpaka kwenye rundo la kushoto, nikalimwaga, nikasema, "Kumi."

Nyundo mbili tatu zilinyamaza.

"Umesema?"

"Kumi."

"Kumi bado, mama. Hilo la karasha."

"La karasha, sawa. Silidai. Chukua. Lakini ni la kumi."

"Aaah!" Bhoke akapiga makofi. "Mwacheni, elimu ya jioni imempanda. Ngojeni asubuhi, itashuka yenyewe!"

Watu wakacheka, Makoye hakucheka. "Mama Hosiana, leo umekuja na maneno?"

"Sijaja na maneno, baba. Nahesabu tu. Wewe andika unavyoandika siku zote. Mimi usininyamazishe, kuna mtu ananisikiliza."

Akafuata macho yangu mpaka kwa Hosiana. Mtoto alikuwa amejikunja nyuma ya begi, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Shikamoo," akasema Hosiana kwa sauti ndogo sana.

"Marahaba. Darasa la ngapi?"

"La pili. Kesho tunapimwa."

Makoye akalitazama rundo la kushoto, akanitazama mimi. Ningeambiwa chukua nyundo yako uondoke, ningeondoka. Wapo wanawake kumi nje ya uzio wanaoingoja nafasi ile ile.

"Endelea," akasema. "Lakini mimi naandika yangu."

Nikachukua karai lililofuata. "Kumi na moja," nikasema.

"Kumi," akasema yeye, akaandika.

"Kumi na mbili."

"Kumi na moja."

"Kumi na tatu."

"Kumi na... Aa, mama! Unanipoteza!" Akafuta ubao kwa kiwiko. "Nilikuwa wapi?"

"Kumi na mbili, msimamizi," akasema Bhoke kwa heshima za uongo, "lakini mwenzio yuko kumi na tatu, na mimi nimeshalala."

Na hapo nikasikia kicheko ambacho sikukisikia wiki nzima. Hosiana alikuwa ameshusha begi, anacheka mpaka pengo la meno linaonekana. Tulipofika kwenye karai la pili la karasha, la ishirini na moja kwangu, alilitaja pamoja nami, midomo tu, bila sauti. Hakunitazama kuomba ruhusa. Alikuwa analitazama karai.

Nilipomaliza, Makoye alinisogelea. "Kesho shule yako uiache nyumbani."

"Kesho siji. Nina zamu ya uji shuleni."

"Basi Jumamosi tutaongea."

Alivyolisema, sikujua anaongea kama msimamizi au kama rafiki. Lile "tutaongea" nilirudi nalo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu. Lakini lilikuwa la Jumamosi.

Zamu ya uji haikuwa yangu kweli. Nilibadilishana na Mama Mwanaima, nikamwachia yangu ya mwakani, kwa sababu jiko la shule liko nyuma ya darasa la pili, mafiga matatu chini ya bati, na dirisha la darasa halina kioo, ni nondo tu. Mpimaji alikuwa mwalimu wa shule jirani, jina lake Deusdedit, mzee mwembamba mwenye sauti ya kwaya. Wanabadilishana hivyo ili mwalimu asipime watoto wake mwenyewe. Mwalimu Melania alitolewa nje, akaja akakaa kwenye gogo karibu na moto wangu, akawa anavunja vijiti vidogo vidogo.

"Umemfanya nini yule mtoto?" akaniuliza. "Jana asubuhi kanipatia kumi na nne."

"Alikutazama kabla ya kumi?"

Akafikiri. "Alinitazama. Nikamwitikia." Kisha akaacha kuvunja vijiti.

Waliitwa mmoja mmoja. Wengine walitoka wanaruka, mmoja alitoka analia huku anasema halii. Hosiana aliingia saa nne kasoro. Nilisogea na mwiko wangu mpaka kwenye nondo.

Kusoma alikwenda kama maji ya bomba lililofunguliwa. "Polepole," Mwalimu Deusdedit akamwambia, "hakuna anayekufukuza." Kuandika, aliinama, ulimi nje, akamaliza. Kisha mpimaji akachukua kikombe, akamimina punje za mahindi juu ya dawati.

"Zihesabu, uniambie ziko ngapi."

Hosiana akazikusanya kwanza karibu naye. Akaanza, kidole kimoja, punje moja, kutoka kulia kwenda kushoto. Nilikuwa nimeshika nondo kwa mkono mmoja. Sita. Saba. Nane.

"Tisa."

Akasimama.

Kidole kilikuwa juu ya punje iliyofuata, hakijaigusa. Akainua kichwa. Alimtazama mpimaji, na mpimaji alikuwa anaandika. Akatazama mlangoni, akamtafuta Mwalimu Melania, hayupo. Nikajua sasa macho yatakuja dirishani.

Yangenikuta pale. Ningetikisa kichwa mara moja tu, nani angeniona? Angesema kumi, Januari angeingia la tatu. Na darasa la tatu, na la nne, na siku zote angefika kwenye tisa akatafuta dirisha.

Niliinama. Nilichuchumaa chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, mwiko unanidondoshea uji kwenye goti, unachoma, sikuuondoa. Mwalimu Melania alinitazama kutoka kwenye gogo, mdomo wazi. Nikaweka kidole midomoni.

Sufuria likaanza kufurika, povu likamwagikia motoni, tsss, na mimi siwezi kuinuka. Nikasikia dawati likilia, ameegemea. Nikasikia kiatu chake kinagonga mguu wa benchi, mara moja, mara mbili, halafu kikaacha.

"Kumi."

Mwalimu Melania akaziba uso kwa viganja.

"Kumi na moja. Kumi na mbili." Sasa alikuwa anakwenda, sauti inapanda. Kumi na tisa, akapumua, ishirini. Ishirini na tisa, nikafumba macho, thelathini, bila kupumua. "Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na nne."

Kalamu ya mpimaji haikusikika.

"Thelathini na nne?" akauliza Mwalimu Deusdedit. Sauti yake haikuonyesha kitu, si ndiyo wala hapana. "Mwenzako aliyetoka sasa hivi kazihesabu hizi hizi, kaniambia thelathini na mbili. Una hakika?"

Nilikuwa bado nimechuchumaa, uji unaungua, na hakuna aliyemwitikia wala kumtikisia kichwa.

"Nimezihesabu zote," akasema Hosiana.